Injini ya Lori Ikifa: Kuitengeneza Upya au Kuibadili?

Somo kwa wenye malori wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe

Lori ni chombo cha faida na ni chombo cha hasara. Likitembea, lalisha nyumba ya mwenyewe, na ya dereva, na ya utingo, na ya fundi. Likisimama, nyumba zote hizo zafunga mkanda siku moja. Hakuna kusimama kulikobaya zaidi ya kufa kwa injini, maana hapo mwenye lori hupaswa kuamua jambo kubwa upesi, huku akili yake imejaa huzuni na masikio yake yamejaa maneno ya watu. Kwa hiyo leo tumeonelea kueleza, hatua kwa hatua, jinsi mtu mwenye busara apasavyo kufikiri kabla hajatoa fedha yake.

Nchi yetu ya Songwe, iliyofanywa mkoa kamili mwaka 2016 kwa kutengwa na Mkoa wa Mbeya, ni nchi ya malori. Mwaka 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake, njia ya Zambia ya kwenda pwani ya kusini ilivurugika, na mafuta ya Zambia yakaanza kupitishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma na kuvuka. Wakati ule njia ilikuwa ya udongo, na wakati wa masika malori mengi yaliishia matopeni. Baadaye barabara ikatiwa lami, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Lakini hata leo mzigo mwingi wapita barabarani, na mahindi na kahawa ya Mbozi hayawezi kutoka shambani ila kwa lori. Basi elimu ya injini kwetu si elimu ya mafundi peke yao.

MFANO WETU

Ili somo lieleweke, tuweke mfano. Mzee mmoja wa Mbozi ana lori kuukuu la dizeli, la silinda sita. Mwezi wa Juni, kahawa imeanza kuiva na mahindi yakavunwa, lori lilikuwa likipanda mlima na magunia ya mahindi. Mshale wa joto ulipanda, kisha injini ikaanza kugonga, kisha ikazimika. Lilivutwa kwa mnyororo mpaka gereji.

Jioni ile watu watatu walimpa mashauri. Dereva alisema, "Mzee, injini hii imekula chumvi nyingi. Tafuta nyingine." Mwuza injini za mtumba akasema, "Shikamoo, Mzee. Ninayo safi kabisa, wiki hii utakuwa njiani." Naye mwanawe wa kwanza akasema, "Baba, tuweke shamba la kahawa rehani, tununue injini mpya, tuondokane na taabu hii."

Mzee hakumjibu hata mmoja. Alimgeukia fundi akamwuliza, "Mwanangu, kilichokufa ni nini?" Fundi akajibu, "Mzee, bado sijui. Sijafungua."

Tunamsifu mzee kwa swali lake, na fundi kwa jibu lake. Wale watatu wa kwanza walitoa dawa kabla ya kujua ugonjwa.

HATUA YA KWANZA: KUJUA KILICHOKUFA

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia mafuta. Pistoni hupanda na kuukandamiza upepo ndani ya silinda mpaka uwe wa moto sana. Ndipo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo kila kinachopunguza mkandamizo ule hupunguza uhai wa injini: ringi zilizochakaa, vali zisizofunga, gasketi iliyoungua, au silinda iliyoliwa.

Moshi ni barua ya injini, na kila mwenye lori yampasa kuisoma. Moshi mweusi ni dalili ya dizeli nyingi au upepo kidogo. Mara nyingi chujio la upepo limeziba vumbi, au nozeli zavuja, au turbo imechoka. Moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua ndani ya silinda. Moshi mweupe usiokoma ni dizeli isiyowaka vizuri au maji yanayoingia silindani. Lakini mtu asiogope akiuona kidogo asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai, kisha ukatoweka injini ipatapo moto.

Tazama pia kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Fungua rejeta injini ikiwa baridi, usiifungue kamwe ikiwa ya moto, maana mvuke wake umewababua wengi. Kisha washa, kama injini yaweza kuwaka. Ukiona mapovu yakipanda pasipo kukoma, pengine gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi imepasuka. Toa kifuniko cha kutilia oili: moshi ukitoka kwa nguvu kama jiko lenye kuni mbichi, ringi na silinda zimechakaa. Mwaga oili katika chombo safi na uichungulie juani: ukiona chembe zinazometameta, kuna beringi inayokufa.

Mwisho fundi apime mkandamizo wa kila silinda kwa kipimo chake. Si jumla tu itakiwayo. Tofauti baina ya silinda na silinda ndiyo isemayo zaidi. Silinda moja ikiwa dhaifu na tano zina nguvu, ugonjwa ni wa mahali pamoja. Zote sita zikiwa dhaifu, huo ni uzee.

Twakaza neno hili kwa sababu injini nyingi huhukumiwa kufa kumbe zaumwa kidogo tu. Mtu hununua injini nzima, na kosa lilikuwa nozeli au gasketi.

HATUA YA PILI: KUJUA KILICHOIUA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kujua kilichovunjika hakutoshi; yapasa kujua kwa nini kilivunjika. La sivyo, injini ya pili itakufa kwa ugonjwa ule ule ulioiua ya kwanza.

Lori la mzee wetu lilikuwa na makosa matatu. Rejeta ilikuwa ikivuja, na kila siku utingo aliijaza maji ya kijito, ambayo yaliacha tope na ukoko ndani ya mirija. Mfuniko wa rejeta ulikuwa umepotea, ukawekwa mwingine usiobana. Tena thamostati ilikuwa imetolewa na kutupwa, kwa kuwa fundi mmoja wa zamani alisema kwamba nchi yetu haina haja nayo.

Tueleze makosa hayo. Mfuniko wa rejeta si wa kuzuia maji yasimwagike tu. Kazi yake ni kutunza shinikizo, na maji yaliyo katika shinikizo huchelewa kuchemka. Nyanda za Mbozi na Tunduma ziko juu, na kwenye meta 1,500 juu ya usawa wa bahari maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100. Basi lori lenye mfuniko mbovu lapandisha mlima likiwa limekwisha kupoteza akiba yake ya nyuzi tano.

Na thamostati je? Watu wengi huitoa wakidhani kwamba itapoza injini. Lakini injini isiyopata joto lake la haki huchoma mafuta vibaya, na dizeli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda, nazo huchakaa upesi. Tena katika injini nyingine, thamostati ikitolewa, maji hupita njia ya mkato yasifike rejeta, na joto huzidi badala ya kupungua.

Kuna na sababu nyingine zinazopatikana sana kwetu. Malori yakaapo katika foleni ya mpakani injini ikinguruma saa nyingi bila kazi, masizi hujikusanya na dizeli hushuka katika oili na kuipunguzia utelezi. Vumbi la njia za Kamsamba na Mkwajuni, likipita chujio lililotoboka, lasaga silinda kama jiwe la kunolea. Kuzidisha magunia nako kuna mwisho wake.

HATUA YA TATU: KUPIMA KWA KIPIMO, SI KWA JICHO

Injini ikifunguliwa, mambo makubwa ya kupimwa ni matatu: bloki, yaani mwili wa injini, kranki, yaani mhimili unaozungushwa na mikono ya pistoni, na silinda hedi, yaani kichwa chenye vali.

Bloki. Ikiwa mkono wa pistoni ulikatika ukatoboa ubavu wa bloki, mara nyingi safari ya bloki hiyo imekwisha. Kama haikutobolewa, ioshwe na ijaribiwe kwa shinikizo ili nyufa zionekane. Malori mengi makubwa yana slivu, yaani bomba la silinda linalotolewa na kutiwa jipya. Hiyo ni neema, kwa kuwa silinda zilizoliwa zaweza kufanywa mpya bila kutupa bloki. Zile zisizo na slivu huchongwa zikawa pana zaidi, zikatiwa pistoni kubwa zaidi, au zikatiwa slivu.

Kranki. Mahali pazungukapo beringi hupimwa kwa maikromita, chombo kinachopima sehemu ya mia ya milimeta. Jicho la mtu haliwezi kazi hiyo. Unywele mmoja una unene wa sehemu saba za mia za milimeta hivi, na upungufu wa kadiri hiyo tu waweza kushusha shinikizo la oili mpaka beringi ziyeyuke. Kranki iliyoliwa hukerezwa katika mashine ipungue kwa vipimo vilivyowekwa, ambavyo kwa kawaida ni milimeta 0.25, kisha 0.50, kisha 0.75, kisha 1.00, na kila kipimo kina beringi zake. Mwenye lori na aulize, "Kranki yangu imekwisha kukerezwa mara ngapi?" Ikiwa imefika kipimo cha mwisho, au ina ufa, haifai tena.

Silinda hedi. Joto likizidi, hedi hupinda. Fundi huweka rula ya chuma iliyonyoka juu yake, na kupenyeza visu vyembamba vya kupimia chini ya rula. Hedi iliyopinda kidogo huchongwa. Iliyopinda mno au yenye ufa baina ya vali hutupwa.

Vipimo vyote na viandikwe katika karatasi, pembeni mwake viandikwe vipimo vya kitabu cha waliounda injini. Fundi akikataa kuandika, mwenye lori na atafute fundi mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kanuni yetu nyepesi ndiyo hii: vitu vitatu hivi vikiwa vizima, au vyaweza kuponywa kwa mashine, kuitengeneza injini upya ndilo shauri jema mara nyingi. Kimoja kikiwa kimekufa kabisa, piga hesabu kwa makini. Viwili vikiwa vimekufa, acha. Tafuta injini nyingine.

Katika mfano wetu bloki ilikuwa nzima, slivu zimeliwa. Kranki ilihitaji kukerezwa kipimo cha kwanza. Hedi ilikuwa imepinda kidogo. Kwa hiyo mlango wa kutengeneza ulikuwa wazi.

HATUA YA NNE: KUIJUA INJINI YA MTUMBA

Hatusemi kwamba injini ya mtumba ni mbaya. Ziko zilizotoka katika malori yaliyogongwa yakiwa bado na nguvu, nazo zimewafaa wengi. Lakini mnunuzi hununua historia asiyoijua. Basi na ashike mambo haya.

Asinunue injini asiyoisikia ikinguruma, nayo iwashwe ikiwa baridi, si baada ya kupashwa moto na mwuzaji. Kama haiwezi kuwashwa, na ashushwe sampu, yaani bakuli la oili la chini, beringi mbili zifunguliwe zitazamwe. Kranki izungushwe kwa mkono mzunguko kamili, isikwame mahali. Matundu ya maji yatazamwe: kutu nyingi yaonyesha kwamba iliendeshwa kwa maji matupu. Namba ya injini isiwe imefutwa wala kuchongwa. Na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi, yenye siku za majaribio na sharti la kurudisha.

Tena na aulize kama itakubaliana na lori lake. Injini ya jamii nyingine yaweza kuhitaji vishikizo vingine, gia boksi nyingine, hata nyaya nyingine. Injini za siku hizi zenye kompyuta hazikubali kufungwa katika lori la kale kwa nyundo na waya. Injini iliyokuwa rahisi sokoni huwa ghali karakanani.

Wakaao Tunduma wana jambo la zaidi. Nakonde iko ng'ambo tu, na mtu aweza kuambiwa kwamba kule kuna injini nzuri kwa bei nafuu. Kununua ng'ambo si kosa, lakini injini na ipite katika kituo cha forodha cha pamoja, kilichofunguliwa mwaka 2019, ilipiwe ushuru na kupewa karatasi zake. Injini iliyopitishwa vichochoroni usiku yaweza kukamatwa, na hapo mwenye lori atakuwa amepoteza fedha, na injini, na heshima. Kadhalika kadi ya gari ina namba ya injini. Ukiibadili injini, nenda na karatasi za ununuzi katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, ili kadi ipatane na chuma. Asiyefanya hivyo atapata taabu siku ya kuuza lori, au siku ya kudai bima.

HATUA YA TANO: HESABU

Sasa twafika penye moyo wa somo. Watu wengi hulinganisha bei mbili tu, wakachagua iliyo ndogo. Hiyo ni nusu ya hesabu. Hesabu kamili ina mambo matatu: fedha inayotoka, siku ambazo lori litasimama, na miezi ambayo injini yatazamiwa kufanya kazi. Tarakimu tunazozitia hapa ni za kujifunzia tu. Kila mtu na atie zake.

Tuseme kutengeneza upya kwagharimu shilingi 12,000,000, lori litasimama siku 30, na injini yatazamiwa kudumu miezi 36. Tuseme tena injini ya mtumba pamoja na kuifunga yagharimu shilingi 8,000,000, lori litasimama siku 10, na yatazamiwa kudumu miezi 20.

Wakati wa masika kazi ni chache. Tuseme lori hubakiza shilingi 100,000 kwa siku, baada ya kutoa dizeli na posho za watu. Siku 30 ni hasara ya shilingi 3,000,000; jumla 15,000,000. Gawa kwa miezi 36: ni shilingi 416,667 kwa mwezi. Kwa mtumba, siku 10 ni shilingi 1,000,000; jumla 9,000,000. Gawa kwa miezi 20: ni shilingi 450,000 kwa mwezi. Basi iliyokuwa ghali ndiyo rahisi.

Lakini wakati wa mavuno, tuseme lori hubakiza shilingi 250,000 kwa siku. Kutengeneza: 12,000,000 na 7,500,000 ni 19,500,000, kwa miezi 36 ni shilingi 541,667 kwa mwezi. Mtumba: 8,000,000 na 2,500,000 ni 10,500,000; kwa miezi 20 ni shilingi 525,000 kwa mwezi. Sasa mtumba umeshinda, ijapokuwa kwa kidogo. Injini ni ile ile, fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni mwezi wa mwaka tu.

Lipo na swali la nne: lori lenyewe litaishi muda gani? Ikiwa fremu imepasuka na kuunganishwa mara nyingi, na gia boksi yalia, na bodi limeoza, lori hilo pengine lina miezi 20 tu ya kuishi. Hapo miezi 36 ya injini ni ndoto. Gawa 15,000,000 kwa miezi 20, utapata shilingi 750,000 kwa mwezi. Kutia moyo wa kijana katika mwili wa mzee anayekufa si matibabu. Yafaa kuliuza lori lile vipande vipande, na fedha yake kuianzia jambo jingine.

MZEE ALIVYOAMUA

Turudi kwa mzee wetu. Fremu yake ilikuwa nzima. Alikuwa na shilingi 9,000,000 za akiba, wala si 12,000,000. Wakati ulikuwa wa mavuno. Kwa hesabu tupu, mtumba ulimwita. Mwanawe akarudia neno la rehani.

Mzee akasema, "Mwanangu, lori hili lilinunuliwa na shamba. Shamba halikununuliwa na lori. Lori likifa tena, tutalima. Shamba likienda, tutaendesha nini, na kwenda wapi?"

Kisha alifanya mambo mawili. Kwanza alikwenda kwa jirani yake mwenye lori, wakapatana kwamba jirani abebe mizigo ya wateja wake kwa siku hizo, na ampe shilingi 100,000 kila siku. Kwa hiyo hasara ya siku moja ikapungua ikawa shilingi 150,000. Akapiga hesabu upya: kutengeneza, 12,000,000 na 4,500,000 ni 16,500,000, kwa miezi 36 ni shilingi 458,333 kwa mwezi; mtumba, 8,000,000 na 1,500,000 ni 9,500,000, kwa miezi 20 ni shilingi 475,000. Kutengeneza kukawa mbele. Tena fedha ile ya jirani, shilingi 100,000 kwa siku 30, ndiyo shilingi 3,000,000 zilizokuwa zikipungua. Pili alipatana na fundi kwa maandishi kwamba vipuri vinunuliwe kwanza, na ujira wake ulipwe katika mafungu mawili.

Hatusemi kwamba kila mtu afanye kama huyu. Asiye na jirani mwaminifu, au ambaye kranki yake imepasuka, atafika kwenye shauri jingine, naye atakuwa na haki. Tunamsifu mzee huyu kwa kuwa alikwenda kwenye uamuzi kwa miguu yake mwenyewe, asibebwe na maneno ya watu.

HATUA YA SITA: BAADA YA KUFUNGA

Injini iliyotengenezwa upya ni kama mtoto mchanga. Siku za kwanza ndizo zimjengazo au zimwuazo.

Fundi asichanganye vipya na vikuukuu. Kutia ringi mpya katika slivu zilizoliwa ni kazi ya bure. Baada ya muda mfupi moshi wa samawati utarudi. Injini isifungwe uwanjani penye upepo na vumbi. Bolti za hedi na za beringi zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa mpango wa kitabu. Kipoza oili na mirija yake ioshwe sana au ibadilishwe, kwa sababu chembe za chuma za injini ya zamani hujificha humo, zikaja kuua beringi mpya. Rejeta ioshwe, mfuniko mzuri utiwe, thamostati irudishwe, na maji yachanganywe na dawa ya kuzuia kutu.

Safari za kwanza lori lisibebe mzigo wa kupita kiasi, wala lisiachwe likinguruma bure kwa muda mrefu; ringi hukaa vizuri katika silinda kwa kazi ya kadiri. Oili ya kwanza imwagwe mapema kama kitabu kisemavyo, na chujio jipya litiwe. Dereva apewe amri moja isiyovunjwa: mshale wa joto ukipanda, au taa ya oili ikiwaka, asimame pale pale, hata kama mteja ana haraka. Gunia lililochelewa hulipwa kwa maneno ya kuomba radhi. Injini iliyokufa hulipwa kwa mamilioni.

Na vifaa vilivyotolewa katika injini yako ni mali yako. Vitazame vyote, uchukue vya kuchukua, usivitupe mpaka lori limetembea mwezi mzima.

MASWALI YA KUJIPIMA

Mwenye lori anayesoma somo hili na ajiulize, kabla ya taabu kumfikia:

1. Je, ninajua namba ya injini yangu, na yapatana na kadi?
2. Je, mfuniko wa rejeta yangu wabana, na thamostati imo?
3. Kranki yangu imekwisha kukerezwa mara ngapi?
4. Lori langu hubakiza shilingi ngapi kwa siku wakati wa mavuno, na ngapi wakati wa masika?
5. Lori lenyewe lina miaka mingapi ya kufanya kazi mbele yake?

Asiyeweza kuyajibu maswali haya leo, lori likiwa zima, hataweza kuyajibu siku ile limevutwa kwa mnyororo. Basi na atwae daftari na kalamu, aende akalikague sasa.